Bomba Lenye Kufuli

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya ukuta, mimi ndiye niliyefungua kufuli la bomba la uani. Ufunguo ulikaa shingoni mwa mama, kwenye uzi mweusi. Aliinamisha kichwa, akauvua, akanipa bila neno, nami nikatoka na sweta juu ya gauni la kulalia. Nikishafungua nilisogea pembeni, majirani wateke. Wa kwanza alikuwa Dobi, maana kazi yake haingoji. Baada yake Mama Pacha, halafu Mwalimu mstaafu na dumu lake lililozibwa kwa gunzi. Wa mwisho daima alikuwa fundi cherehani, akipiga miayo, ndoo kaivaa kichwani kama kofia.

Asubuhi hiyo nilimwamkia Dobi, naye akaitikia huku akitua ndoo yake ya bati chini ya bomba.

“Marahaba, Kasauti. Umelala?”

“Nimelala, mama mdogo.”

Alinipa jina hilo tangu nikiwa mdogo, kwa sababu ya sauti yangu. Hata baada ya kumaliza chuo halikuniacha, na sikumlaumu. Darasani mwalimu aliponiuliza jambo, wenzangu walikuwa wakigeuka wote kunitazama midomo.

Nilifungua bomba. Maji yakagonga bati, yakaanza kupanda. Hayakufika hata nusu ya ndoo. Mkono ulipita juu ya bega langu, ukalikamata bomba na kulikaza mpaka likalia.

Ulikuwa mkono wa mama.

“Si leo,” alisema.

Dobi alibaki ameinama, mikono kwenye mpini wa ndoo. “Kuna nini, jirani?”

“Kuna bili.” Mama aliitoa karatasi ndani ya kanga na kuinyoosha juu, kila mtu kwenye foleni aione. “Imeletwa jana jioni. Sijala, sijalala. Imepanda mara tatu. Mara tatu, jamani, na ua huu haujaongezeka hata paka.”

Fundi aliivua ndoo kichwani. Hilo pekee lilitosha kuonyesha kwamba mambo yameharibika.

“Nimempigia mwenye nyumba,” mama aliendelea. “Amesema neno moja tu. Aliyeyamwaga maji haya apatikane, na akipatikana afungashe. Bomba litakaa na kufuli mpaka saa kumi. Saa kumi tunakaa kikao hapa hapa.”

Alisema “aliyeyamwaga” huku macho yake yako kwenye ndoo ya bati.

“Nina mashuka ya zahanati kwenye sabuni,” Dobi alisema polepole. “Yamelowekwa tangu jana. Yasiposuuzwa leo yatavunda. Na unajua wale, wakishakataa mzigo mmoja, hawakupi mwingine.”

“Ungeyafikiria hayo kabla.”

“Kabla ya nini?”

Mama aliniashiria nifunge kufuli. Nilifunga, na ufunguo ulikwaruza kufuli mara mbili kabla ya kuingia. Dobi aliichukua ndoo yake isiyofika nusu, akaibeba kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto aliyesinzia, akaingia chumbani kwake bila kumwaga tone.

*

Lazima nieleze tulivyokuwa tukiishi, kwa sababu bila hivyo mama yangu ataonekana mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya.

Nyumba ilikuwa na sehemu ya mbele, vyumba viwili na choo cha ndani, na nyuma yake ua wenye vyumba vya wapangaji, mlango kwa mlango. Mita ilikuwa moja, bili moja, bomba la uani moja. Sisi tulikaa mbele. Baba alipofariki tulikuwa tukipanga nyuma kama wengine, tena kwa kusuasua, na mwenye nyumba, ambaye anaishi mbali na hapendi kelele, alimwambia mama: simamia maji, kusanya michango, nisisikie ugomvi, na vyumba vya mbele ni vyako bila kodi. Mama aliichukua kazi ile kama mtu aliyekabidhiwa roho za watu. “Siku maji yatakaponishinda,” aliniambia mara nyingi, “na vyumba vitakuwa vimenishinda.”

Ndivyo alivyogeuka kuwa Mama Tone. Jina alilipata kwa sababu ya msemo wake, “tone ni tone”, aliomtupia kila aliyeacha bomba likidondoka. Alitufundisha kupiga mswaki kwa kikombe na kuosha vyombo kwenye beseni. Kisha siku moja alisikia redioni kwamba ukiweka tofali ndani ya tangi la choo, kila ukivuta, maji yanayokwenda ni machache. Jioni hiyo hiyo aliokota tofali la kuchoma nyuma ya ukuta, akalisugua, akalitumbukiza. Kikao kilichofuata alilisifia tofali lile kama mkwe mpya.

“Na nyinyi mfanye hivyo hivyo,” aliwaambia.

“Mama Tone,” fundi alimuuliza, “choo chetu ni cha kumwagia kwa kopo. Tofali tuliweke wapi, kwenye kopo?”

Watu walicheka, na mama naye akacheka, akifunika mdomo kwa kanga. Dobi ndiye aliyecheka zaidi, akimpigapiga goti. Siku hizo walikuwa bado wanaitana shoga. Baada ya ufunguo kukaa shingoni, neno hilo lilipungua kidogo kidogo, kwanza likawa “jirani”, halafu likawa “wewe Dobi”. Hawakugombana. Mwenye ufunguo hawezi kuonekana ana shoga kwenye foleni, basi.

Na Dobi, kila aliyeishi uani alimjua. Maji yake ya kwanza, yenye povu, yalikwenda chooni. Maji ya pili yalikwenda kwa Mama Pacha kupigia deki. Ya mwisho, yenye bluu kidogo, fundi aliyanyunyizia mbele ya mlango wake ili vumbi lisipande kwenye vitambaa. Hakuna aliyekuwa hajui. Ila hofu ikiingia, watu husahau wanachokijua na kukumbuka wanachokiona, na kinachoonekana uani kila siku ni mwanamke amezungukwa na mabeseni.

*

Kufikia mchana harufu ilikuwa imeanza. Ni harufu ya sabuni iliyochoka, nzito, ya nguo zilizokaa majini zaidi ya zinavyostahili. Ilitoka chumbani kwa Dobi na kupita chini ya mlango wetu. Mama alikaa mezani na bili, akiipiga hesabu upya kama vile tarakimu zingemwonea huruma.

“Mama,” nilisema.

“Nini?”

Nilitaka kusema, mpe ndoo chache tu za kusuuzia, tutazitoa kwenye bomba la jikoni letu. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno.

“Hamna kitu.”

“Kama hamna kitu, nenda kanisomee mita. Nataka kuwaambia imefika wapi.”

Mita ilikuwa kwenye kisanduku cha saruji karibu na geti, juu yake kipande cha bati. Nilichuchumaa, nikaondoa bati, nikafuta kioo kwa kidole gumba. Zipo tarakimu, halafu pembeni yake kuna kigurudumu chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kinachozunguka maji yanapopita. Maji yasipopita, kinasimama.

Kilikuwa kinazunguka.

Hakikukimbia. Kilizunguka taratibu, kwa utulivu wa mtu anayejua hatafukuzwa. Niliinuka nikaenda kutazama bomba la uani. Kufuli lipo. Chini yake saruji imekauka, nyeupe, na sisimizi wanapita. Nilirudi kwenye mita. Bado kinazunguka.

Njia ya maji katika nyumba ile ilikuwa na midomo miwili tu. Mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Wa pili ulikuwa wetu.

Nilisimama pale na bati mkononi, na jua likanichoma utosi, wala sikusogea.

Niliingia ndani kwa mlango wa pembeni. Bomba la jikoni lilikuwa kavu. Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikasimama. Na hapo nikasikia kile ambacho masikio yangu yalikuwa yamekizoea kwa wiki nyingi mpaka yakaacha kukisikia: sauti nyembamba, sss, kama mtu mzima anapomnyamazisha mtoto. Maji kwenye sinki la choo hayakuonekana kutembea. Yalikuwa yametulia, yanang'aa.

Dirishani kulikuwa na kifundo cha kitambaa. Ndani yake Dobi alinifungia bluu ya nguo, ile inayotiwa kwenye maji ya mwisho ili nyeupe iwe nyeupe. Alinipa kwa ajili ya blauzi yangu ya kuendea usaili wa kazi. “Wakikuuliza swali ukashindwa kujibu,” aliniambia, “angalau blauzi ijibu.” Nilikifungua, nikainua kifuniko cha tangi, nikanyunyiza ungaunga wa bluu ndani. Kisha nikakaa kwenye ukingo wa ndoo kusubiri, bila kuvuta chochote.

Haikuchukua muda. Uzi wa bluu uliteremka nyuma ya sinki, mwembamba kama mshipa wa mkono wa mtu mzee. Ukafuatiwa na mwingine. Halafu maji yote ya chini yakabadilika rangi.

Niliingiza mpini wa brashi ndani ya tangi, nikapapasa. Tofali la mama lilikuwa limeanza kulainika kama mkate kwenye chai. Kona yake ilikuwa imemeguka, na kipande kimekwenda kukaa chini ya ule mpira unaoziba tundu, kikaunyanyua kidogo tu, upana wa ukucha. Tangi lilikuwa halijai kamwe. Usiku na mchana lilikuwa linameza na kumwaga, linameza na kumwaga, na lililowekwa ili lituokolee maji ndilo lililoyapoteza.

Nilirudisha kifuniko. Sikuondoa kitu. Niliona si haki yangu kukigusa kabla mama hajakiona.

*

Alikuwa uani, anapanga mabenchi na fundi.

“Mama, njoo mara moja.”

“Sasa hivi. Shika upande ule.”

Nilishika upande ule. Tulibeba benchi mpaka kivulini. Fundi alikuwa karibu, na Mama Pacha ametoka na mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi.

“Mita inasemaje?” mama aliniuliza.

Nilifungua mdomo. Fundi alinitazama, Mama Pacha alinitazama, hata yule mtoto wa mgongoni alinitazama. Nikazitaja tarakimu. Mama alizirudia kwa sauti ili asizisahau, kisha akasema anaingia ndani kunawa uso kabla ya kikao.

Nilimfuata kwa macho mpaka alipoingia. Nilijisemea, vizuri, ataona mwenyewe. Ataona bluu, atashangaa, atatoka na kuniita kwa sauti yake ile ya kuita polisi. Nitakuwa nimesema bila kusema. Nilijipa pole na kujipongeza papo hapo, kama kawaida ya watu waoga.

Alikaa ndani muda mrefu.

Alipotoka alikuwa amebadili kanga. Alitembea wima, uso umenawa, na mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanga kama mtu mwenye baridi. Hakuniita. Alipita mbele yangu akaenda kuketi kwenye kiti chake, kile chenye mgongo, na kuweka bili mapajani.

Niliingia ndani mbio. Choo kilikuwa kimya. Sss ile haikuwepo tena. Maji ya chini yalikuwa meupe, amevuta zaidi ya mara moja. Nilifunua tangi: tofali halimo. Nililikuta nyuma ya mlango, chini ya tambara la deki, bado linatiririsha maji mekundu sakafuni.

Nililifunika tena kwa tambara. Sijui kwa nini nililifunika. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe, mikono ya mtoto wake.

Basi ushahidi ulikuwa umekwisha. Kilichobaki ni midomo miwili tu, wa mama na wangu. Na nikiufungua wangu, tutatoka vyumba vya mbele, mimi sina kazi, yeye hana umri wa kuanza upya. Nisipoufungua, Dobi ataondoka na mabeseni yake akiwa na jina la mwizi wa maji, na popote atakapopanga jina litamtangulia.

Nje mama alikuwa anagonga benchi kwa ufunguo. Kikao kimeanza.

*

“Tusizungushe maneno,” mama alisema. “Maji yamepotea. Hayakupaa. Yupo aliyeyatumia.”

“Sote tumeyatumia,” Mwalimu mstaafu alisema. Yeye ndiye aliyekuwa na sauti ya usuluhishi pale uani, sauti ya kukohoa kabla ya kila sentensi. “Swali ni nani amezidisha.”

“Nani anafua hapa kuanzia asubuhi mpaka jioni, Mwalimu? Mimi?”

Dobi alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la mwisho. Mikono yake, iliyonyauka ncha kwa maji ya miaka, ilikuwa imelala mapajani kwa sababu siku hiyo haikuwa na kazi.

“Niulizeni tu kwa jina,” alisema. “Nipo.”

“Haya. Dobi, umezidisha?”

“Nimefua mzigo ule ule ninaofua mwaka wote. Nachangia zaidi yenu kwa sababu nafua, na sijawahi kupinga. Maji yangu machafu mnayatumia nyote. Fundi, vumbi mlangoni kwako unalizuia kwa kitu gani?”

Fundi alikuna shingo. “Kwa maji yako, sikatai. Lakini bili nayo imepanda, dada yangu. Mimi nikikata kitambaa kikapungua, siwezi kumwambia mteja kimepungua chenyewe.”

“Kwa hiyo mimi ndiye mkasi.”

“Sijasema hivyo.”

“Umesema, kaka. Umekunja tu pindo.”

Mama Pacha alicheka bila kutaka, kisha akamziba mtoto mdomo kana kwamba ndiye aliyecheka. Mama hakucheka. Nilimtazama yeye tu. Mkono wa kulia bado umo ndani ya kanga, na bili ameigeuza kwa mkono wa kushoto, kwa shida, kama mtu anayejifunza kula upya.

“Nyani haoni kundule,” alisema, na sauti yake ilipwaya katikati ya msemo. “Kila mtu atajitetea. Mwenye nyumba hataki utetezi, anataka jibu. Mimi nikimwambia sijui, atatutoa wote na kuweka wengine. Ndivyo mnavyotaka?”

Hakuna aliyetaka. Niliiona hofu ikipita benchi hadi benchi. Mama Pacha alimshusha mtoto mgongoni na kumkumbatia. Mwalimu alikohoa, lakini safari hii sentensi haikufuata.

“Kuna harufu hapa,” Dobi alisema. “Mnaisikia? Ni mashuka ya wagonjwa. Wiki iliyopita wewe mwenyewe, Mama Tone, ulipokuwa na homa, ulilala juu ya shuka nililokufulia bure. Sikuhesabu maji. Sasa mnataka nifanye nini, niape?”

“Tupige kura,” mama alisema haraka. “Wanaoona Dobi atafute mahali pengine, wainue mkono.”

Fundi aliinua mkono mpaka usawa wa sikio, kama mtu anayejikuna. Mama Pacha aliinua wa kwake huku akitazama chini. Mwalimu alichukua muda, akavua miwani, na alipokuwa haoni vizuri tena, akainua.

Dobi aliwatazama mmoja mmoja. Hakulia. Alianza kukunjua mikono ya gauni lake kurudi chini, ile mikono aliyokuwa akiipandisha kila asubuhi kabla ya kazi. Sijui kama mtu mwingine aliona. Mimi niliona, na kuliko maneno yote yaliyosemwa, hilo ndilo lililonishinda.

“Wanaopinga?” mama aliuliza. Aliuliza akitazama geti, mita, anga, kila mahali isipokuwa mlangoni, nilipokuwa nimesimama.

“Mimi,” nilisema.

Haikutoka. Ilikuwa pumzi tu. Fundi alishaanza kuinuka.

“Mimi napinga.”

Safari hii walisikia. Waligeuka wote, kama wenzangu wa darasani. Nilishika mwimo wa mlango.

“Keti, mwanangu,” mama alisema. “Haya ni ya wakubwa.”

“Maji yalikuwa yanavuja kwetu.” Nilisikia sauti yangu ikienda uani peke yake, nyembamba, bila mtu wa kuisindikiza. “Chooni kwetu. Tofali lilimeguka, kipande kikazuia ule mpira usizibe. Mchana huu bomba hili lina kufuli na mita ilikuwa inazunguka. Nilitia bluu kwenye tangi, ikatokea chini bila kuvuta. Dobi hajazidisha kitu. Ni sisi.”

Mtoto mmoja wa Mama Pacha alilia kidogo, akaacha.

Sikusema zaidi ya hapo. Sikusema tofali liko wapi sasa, wala limefunikwa na nini. Hicho nilikibakiza. Nilimtazama mama na kumwomba kwa macho anisamehe nusu niliyoisema, na apokee nusu niliyomwachia.

Mwalimu alirudisha miwani yake. “Tofali,” alisema. Akakohoa. “Lile la redioni?”

“La kuchoma,” nilisema. “Linalainika likikaa majini.”

“Eh,” fundi alisema, na pumzi ikamtoka kama mpira uliotobolewa. Niliona jinsi walivyofarijika. Ilikuwa bahati mbaya, basi, haikuwa dhambi ya mtu, na kila mmoja angeweza kushusha mkono wake na kujifanya haukuwahi kupanda. “Sasa hapo Mama Tone angejuaje? Mtu kaweka tofali kwa nia njema. Tangi lina kifuniko. Nani huamka asubuhi akachungulia tangi la choo?”

“Hata mimi nisingejua,” Mama Pacha alisema.

“Mwenye nyumba ataelezwa,” Mwalimu alisema. “Ni ajali. Nitampigia mwenyewe. Huwezi kumtoa mtu kwa jambo asilolijua.”

Njia ilikuwa wazi. Pana, iliyofagiliwa, na majirani zake wenyewe ndio walioifagia. Mama angesema tu, jamani nisameheni, sikujua, na tungelala mbele usiku huo na usiku mwingine wote. Nilijikuta naomba aseme hivyo. Nilijikuta pia, ndani zaidi, naomba asiseme.

Dobi alikuwa amekaa vile vile, mikono ya gauni imeshuka mpaka viganjani, akimtazama mama. Alimtazama kama mtu anayemsubiri mwenzake avuke barabara.

“Fundi amekuuliza, shoga,” alisema. “Ungejuaje?”

Mama aliinama kutazama bili mapajani. Kisha akautoa mkono wa kulia ndani ya kanga na kuuweka juu ya karatasi, mbele ya wote. Vidole vilikuwa vya bluu mpaka kwenye viungo, na chini ya kucha kulikuwa na uwekundu wa tofali.

“Nilijua,” alisema.

Fundi aliketi tena.

“Nilijua kabla sijakaa kwenye kiti hiki. Nimeingiza mkono mwenyewe, nimelitoa, nimelificha nyuma ya mlango. Mtoto amenisitiri, ameona kila kitu.” Hakuwa analia. Sauti yake ilikuwa kavu na ya chini, karibu na yangu. “Nilipoona ile bluu nilijua ni ya nani, na nilijua imetoka wapi. Nikasema, ikibidi mtu atoke hapa, afadhali atoke Dobi, yeye amezoea kubeba mizigo.”

Aliinamisha kichwa, akauvua ufunguo shingoni. Hakumpa mtu. Aliinuka nao, akaenda nao mwenyewe mpaka kwenye bomba, akafungua kufuli, na kwa mgongo wake aliotugeuzia akasema sehemu iliyobaki.

“Sikutaka uondoke, shoga. Nilitaka tu asiondoke mwanangu. Lete hayo mashuka.”